Je, Kumlinda Mzazi ni Kumnyang'anya Simu?

Somo: Mwanzo 27:1–33, Ruthu 4:1–11

Jumapili tulisoma habari ya Isaka na muda ukatuishia kabla sijafika pale nilipokuwa naenda, kwa sababu ya ubatizo na matangazo ya harambee. Kwa hivyo naandika hapa yale niliyobakiza, na kidogo zaidi, maana kuna mambo hayasemeki vizuri kwa maikrofoni watoto wa Sunday School wakiwa wamekaa mbele.

Tangu bonasi ya majani chai ilipwe mwezi wa kumi, watu watatu wa kanisa hili, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali lile lile. Mzazi ametuma pesa kwa mtu wa mtandaoni anayesema anampenda. Wameongea naye, hasikii. Sasa wanauliza, ni dhambi kumnyang'anya simu? Mmoja alikuwa ameshaichukua tayari, ilikuwa kwa gari lake, na mamake alikuwa ameacha kula.

Msiseme ni swali dogo. Kutoka 20:12 inatuamuru tuwaheshimu baba na mama, na haijasema mpaka watimize miaka mingapi. Upande mwingine, Paulo anamwambia Timotheo katika barua ya kwanza, sura ya tano, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Ukimwachia mamako simu anaporwa, umemtunza namna gani? Ukimpokonya kama mtoto wa darasa la pili, umemheshimu namna gani? Hapo ndipo watu wamekwama.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajaliona jambo hili kwa karibu. Mama anapata ombi la urafiki kwa Facebook. Picha ni ya mzungu wa miaka hamsini na kitu, amevaa nguo za jeshi la Marekani, ama ni daktari wa Umoja wa Mataifa kule Yemen, ama injinia wa visima vya mafuta baharini. Amefiwa na mke. Ana binti mmoja shule ya bweni. Anampenda Yesu. Ile picha ni ya mtu wa kweli, lakini imeibwa. Jeshi la Marekani lenyewe limeonya kwa miaka mingi kwamba sura za askari wake zinatumiwa hivi, na kwamba askari halipishwi pesa ndio apewe likizo.

Baada ya wiki moja anamhamisha mama kwenda WhatsApp. Mwezi wa pili anasema Mungu amemwonyesha kwamba huyu ndiye mke wake. Wa tatu anatuma zawadi: boksi lenye simu, dhahabu na dola. Boksi linashikwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hapo anapiga simu "afisa wa forodha", Mkenya, Kiswahili safi kabisa, anataka ushuru, na namba anayotoa ni namba ya simu ya mtu binafsi. Ushuru wa serikali haulipwi hivyo, lakini ni nani hapa kwetu amewahi kupokea boksi la dhahabu ndio ajue? Ukilipa, kunatokea cheti fulani kinachokosekana. Ukilipa cheti, kuna faini ya kuchelewa. Haina mwisho mpaka shamba likodishwe.

Kwa wazee wanaume mara nyingi si mzungu. Ni "msichana" wa Nakuru anayetaka nauli aje kumsalimia, halafu matatu inaharibika njiani, halafu mamake anaugua. Anayeandika huenda ni kijana mwenye ndevu. Tunacheka hizo hadithi za kula nauli, ziko hata redioni. Mzee wa miaka 72 aliyezika mke wake na kupika ugali peke yake kwa miaka minne hacheki.

Tena msifikiri ni ushamba wa watu wa milimani. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipokea mwaka 2022 malalamiko ya watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa njia ya mapenzi, na pesa walizosema wamepoteza ni dola bilioni 1.3. Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionyesha habari ya mwanamke wa miaka 53 aliyepoteza yuro 830,000 akiamini anachumbiwa na Brad Pitt, yule mwigizaji wa filamu. Walimtumia picha zilizotengenezwa na kompyuta zikimwonyesha Brad Pitt amelazwa hospitalini. Habari ikarushwa, na nchi nzima ikamcheka mpaka televisheni ikaiondoa. Wamesoma kutuzidi, wana polisi wa kutuzidi, na bado wanaanguka.

Lakini hapa kwetu kuna kitu kinachofanya mlango uwe wazi zaidi, na sijasikia mtu akikisema. Kericho na Bomet tumejifunza kupenda kwa simu. Hesabuni nyumba za kutoka Litein mpaka Kapkatet, ama upande wa Silibwet na Mogogosiek, ambazo mtoto yuko Texas, Qatar, Ujerumani, ama Nairobi tu. Kogo anamjua mjukuu wake kwa kioo cha simu. Mtoto wa kweli naye ni picha na sauti, na sauti yenyewe inakatika. Kwa hivyo picha nyingine ikija na sauti nyingine na kusema "umelalaje", kogo haoni kitu kigeni. Tofauti ni moja tu na ni rahisi kuiona ukitulia: pesa za mtoto wa ng'ambo zinakuja, na hizi zinakwenda.

Kuna mama mmoja ameniruhusu niseme habari yake bila jina wala kijiji. Si lazima awe wa kanisa hili, kwa hivyo msianze kuangaliana. Ni mjane, ana miaka 67, alifundisha shule ya msingi karibu miaka 30. Ana pensheni na ana chai kidogo. Kwa miezi tisa alituma shilingi 412,000. Watoto walipogundua waliita mkutano wa familia, wakasoma zile meseji kwa sauti mbele ya wakwe. Nawaomba mtulie hapo kidogo mfikirie. Wakwe.

Nilipokwenda kumwona hakutaka maombi kwanza. Alitaka kusema. Aliniambia, "Pasta, miezi miwili ya mwisho nilijua." Nikamwuliza alijua nini. Akasema alijua hakuna boksi, na pengine hakuna daktari. Alimwuliza kuhusu mahali alipodai amezaliwa na yule mtu akakosea. Mwalimu ni mwalimu, alisahihisha kichwani. "Sasa ulituma kwa nini?" Akaniambia alituma ili asinyamaze. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama mguu umepoa. Mtoto wake mkubwa alikuwa anatuma shilingi 5,000 kila tarehe tano bila kukosa, na ni kijana mzuri, simlaumu. Pesa zilikuwa zinaingia, ila sauti yake ilisikika labda mara moja kwa mwezi.

Jambo hili limenisumbua kuliko hizo laki nne. Tunasema wazee wanadanganywa kwa sababu hawajui. Basi tunaandaa semina ya kuwafundisha wajue. Huyu alijua na bado akalipa. Je, mtu anayelipa akijua ametapeliwa bado? Nimeliwaza sana na jibu langu ni ndiyo. Mtu mwenye kiu akiuziwa mtungi wa maji kwa bei ya ng'ombe, aliyemwuzia ni mwizi hata kama mnunuzi alijua bei ya maji. Lakini ukimrudishia ng'ombe wake ukamwacha na kiu, kesho atatafuta mwingine wa kumwuzia.

Sasa turudi kwa Isaka. Tumezoea kuhubiri sura hii tukimtazama Yakobo, ama tukimhurumia Esau. Mzee tunampita. Someni tena polepole mwone kama Isaka alikuwa mjinga. Aliuliza, wewe ni nani. Aliuliza imekuwaje mawindo yamepatikana upesi hivyo. Alimwita karibu ampapase. Masikio yake yalimwambia ukweli kabisa, kwamba sauti hiyo si ya Esau. Akauliza tena mara ya pili. Mwisho akamnusa nguo. Alifanya kila jaribio ambalo kipofu anaweza kufanya, na lile la kwanza, la sauti, lilikuwa na jibu sahihi. Alishindwa kwa sababu aliyekuja alikuwa amejitayarisha kwa kila jaribio: ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, nguo za ndugu yake, na chakula kilichopikwa vile mzee anavyopenda.

Tapeli anafanya hivyo hivyo. Anasoma Facebook yako. Anaona tangazo la matanga ya mume wako, anaona picha ya kwaya, anaona umeandika mstari wa Zaburi. Anakuja akinukia nyumba yako.

Na yule aliyemdanganya Isaka alitoka wapi? Alitoka jikoni kwake. Wenye nyumba ndio waliojua mzee anapenda nini na macho yake yamefika wapi. Nasema hivi kwa sababu kuna watoto wanaokuja kwangu na hasira juu ya tapeli, na ukisikiliza vizuri, hasira yenyewe inahusu bonasi. Walikuwa na mipango nayo. Kijana mmoja aliniambia wazi, "Hiyo ilikuwa pesa ya boda yangu." Hiyo ilikuwa pesa ya mamako, ndugu yangu. Mama ameshika ile namba ya siri, majani ameyachuma yeye akinyeshewa, na mzani wa kituoni umesoma kilo zake. Kabla hujachukua simu ya mzazi kwa jina la ulinzi, jiulize kama ungeichukua kama pesa hizo angekuwa anazitoa kwa wajane wenzake. Kama ungeichukua pia, basi hulindi mzazi, unalinda urithi. Na Isaka alikuwa bado hai watu wakigawana baraka zake.

Wakati huo huo, sitaki kumsema vibaya kila mtoto. Wengi wanalia kweli. Wameona shamba linakwenda, wameona mama anafuliza mpaka mwisho, wameona mkopo wa Sacco ambao wadhamini wake ni majirani. Dhambi ya tapeli haiishi kwa mama peke yake. Mdhamini naye anakatwa. Kwa hivyo yule anayesema "pesa ni zake, tumwachie" hajafikiri mpaka mwisho.

Katiba yetu ya 2010 imeliweka jambo hili vizuri kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Kifungu cha 57 kinasema watu wazee, yaani waliotimiza miaka 60, wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa familia na serikali. Mimi mwenyewe nimebakisha miaka miwili nihesabiwe hapo, kwa hivyo nakisoma kwa makini. Angalieni kimeweka vyote pamoja. Hakikusema tuwatunze kwa kuwaondolea heshima, wala tuwaheshimu kwa kuwaacha wadhulumiwe.

Jibu langu basi kwa wale watatu: hapana, usimnyang'anye. Kuna hali moja ambayo ni tofauti, na ni pale akili yenyewe imeanza kumtoka mzee, anasahau njia ya nyumbani, anaita watu majina ya marehemu. Hiyo ni habari ya hospitali na ya familia nzima kukaa chini, na usiiamue peke yako kwa hasira. Lakini mzazi mwenye akili timamu aliyependa mtu asiyefaa bado ni mzazi mwenye akili timamu. Nyinyi wenyewe, mliooa na kuolewa, si wote mlipenda kwa busara.

Mnauliza, sasa tufanye nini, tutazame tu? Hapana. Fungueni Ruthu sura ya nne. Naomi ni mjane mzee, shamba lake linataka kuuzwa, na kuna ndoa ndani yake. Boazi alikuwa mtu mwema, kila mtu Bethlehemu alijua. Angeweza kumalizia mambo huko kwenye uwanja wa kupuria nafaka usiku. Badala yake alikwenda langoni asubuhi, akaketi, akaita wazee kumi, akasema habari ya shamba na ya mke mbele yao wote, wakawa mashahidi. Na sisi Wakipsigis tunalo hilo tangu zamani. Hakuna koito ya mtu mmoja. Ukoo unakuja, unakaa, unauliza huyu ni wa nani, wanajulikana wapi, na mambo ya mali yanasemwa watu wakisikia. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa sababu wapenzi ni wajinga. Walifanya hivyo kwa sababu mtu anayependa hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Sasa ulizeni wote waliopitia haya, tapeli alisema nini mapema sana? Usimwambie mtu. Watoto wako wataona wivu. Watu wa kanisa hawataelewa. Tufanye iwe siri mpaka nije. Mimi sijui namna ya kukagua picha kwa kompyuta, na siku hizi hata video inaweza kutengenezwa, kwa hivyo kumwona akisogeza midomo si ushahidi tena. Lakini siri hiyo naijua. Mtu anayekuposa na hataki langoni, mwogope.

Nimeanza kuwashauri familia wafanye agano, na wafanye wakati hakuna tapeli, kukiwa kumetulia, kabla ya bonasi. Mzazi mwenyewe ndiye anayesema masharti. Anachagua kiasi, tuseme shilingi 3,000 ama 10,000, ni juu yake. Pesa yoyote inayozidi hiyo ikienda kwa mtu ambaye hajawahi kumshika mkono, atangoja siku tatu, na ndani ya hizo siku tatu ataionyesha kwa shahidi mmoja. Shahidi anamchagua mwenyewe. Na msikasirike asipowachagua nyinyi watoto. Wengi hawatawachagua. Watachagua dada yao, ama rafiki wa chama, ama mwalimu mwenzake wa zamani. Namba ya siri inabaki yake. Shahidi hana amri ya kukataza, kazi yake ni kusikiliza na kusema anachoona, na asicheke, na habari isitoke hapo. Zile siku tatu zenyewe zinafanya kazi kubwa, kwa sababu tapeli hawezi kungoja. Boksi lake siku zote linaisha muda leo jioni.

Mtaniambia mzazi anaweza kuvunja agano. Anaweza. Hata wewe umevunja maagano, na hakuna aliyekunyang'anya simu.

Tena kuna sehemu ya watoto katika agano hilo. Kama mama atakubali kungoja siku tatu, wewe utakubali nini? Yule kijana wa shilingi 5,000 sasa anapiga simu kila asubuhi akienda kazini. Dakika nne, tano. Mamake ananiambia mara nyingine anamchosha.

Hapa wahubiri wenzangu mnivumilie. Mnakumbuka Novemba 2014 KTN ilirusha habari ya mhubiri wa Nairobi aliyekuwa anaomba mbegu ya shilingi 310. Tulitikisa vichwa. Lakini mbegu za simu hazikuisha. Kama kogo amezoea kwa miaka kumi kutuma pesa kwa namba iliyo chini ya televisheni, kwa mtu ambaye hajawahi kukaa naye, kwa sababu sauti imesema Mungu amemwona, na ameambiwa asiwasikilize watu wa nyumbani wenye shaka, basi sisi tumeshamfundisha masomo yote. Tapeli anamkuta darasa la nane, anamalizia mtihani tu. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali ni korbani, imewekwa wakfu, ndio wasimsaidie baba na mama. Hakupendezwa na sadaka iliyopita juu ya kichwa cha mzazi, na siamini anapendezwa na mbegu inayomwacha kogo bila unga. Mtu akikutumia meseji kwamba mimi nimesema utume sadaka kwa namba yake, usitume. Paybill ya kanisa hili inaonyesha jina la kanisa kabla hujathibitisha, na hesabu zinasomwa mbele yenu kila robo mwaka.

Lazima pia tuseme ni nani anayeandika zile meseji. Si wote wako mbali. Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, imeandikwa magazetini miaka mingi kwa ajili ya vijana wanaobadilisha laini za watu na kuwaibia pesa za simu, na makachero wamekamata watu huko zaidi ya mara moja. Watu wengi wa Mulot ni wakulima na wachuuzi wa halali na wamechoka kuchekwa, najua, nina jamaa huko. Lakini wale wachache ni watoto wa watu, na wengine walisoma Sunday School.

Na kuna wanaoandika huku wamefungwa. Mwaka 2022 serikali yetu ilirudisha nyumbani Wakenya waliokuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta ndani ya kambi za Myanmar na Laos, wamenyang'anywa pasipoti, wanalazimishwa kujifanya wapenzi wa watu mtandaoni mchana na usiku. Februari 2025, maelfu ya watu walipotolewa kwenye kambi za Myawaddy, Wakenya walikuwa miongoni mwao. Inawezekana kabisa kogo wa nchi nyingine ameandikiwa "umelalaje" na kijana aliyekulia kwenye majani chai haya, mwenye njaa na alama za kipigo. Sijui nimwombee nani kwanza kati ya hao wawili. Kijana akipewa kazi ya kompyuta Asia, mshahara mkubwa, tiketi bure, hakuna haja ya cheti, leteni habari hiyo langoni pia.

Lakini anayeiba kwa hiari, akiwa amekaa kwa kibanda chake na chai ya maziwa, huyo hana kisingizio cha Myanmar. Wazee wa kanisa hili waliwahi kurudisha bahasha nono ya fungu la kumi, kwa sababu aliyeileta aliulizwa kazi yake na hakuweza kuisema. Walinung'unikiwa, maana tulikuwa tunajenga choo. Nilisimama nao na bado nasimama nao. Zakayo hakuleta fungu la kumi la wizi wake. Aliahidi kurudisha mara nne kwa wale aliowadhulumu. Kijana, kama unasoma karatasi hii na unajua kogo wa mtu anakosa dawa kwa sababu yako, mlango wa ofisi yangu uko wazi, lakini usije na sadaka. Njoo na namba za uliowaibia.

Kuhusu aibu nitasema kwa ufupi kwa sababu nilishaisema Jumapili. Yule mwalimu angeweza kusimama mwezi wa nne. Hakuweza kusema, kwa sababu alijua tungecheka, na alijua vizuri, maana tulicheka. Biblia inasema Isaka alitetemeka sana alipojua. Haisemi mtu alimcheka. Aliishi miaka mingi baadaye, akambariki Yakobo tena mchana kweupe katika sura ya 28, na alipokufa, wana wote wawili, Esau na Yakobo, walimzika pamoja. Mungu wetu bado anaitwa Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo. Jina la aliyedanganywa halikufutwa katikati.

Mambo ya kufanya sasa. Kama umetuma pesa na umeshtuka saa hiyo hiyo, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba urudishiwe. Zikishatolewa ni ngumu. Namba za wakora zitume kwa 333. Usifute meseji hata kama zinakuumiza kuzitazama, maana ndizo ushahidi, na udanganyifu huu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Unaweza kuripoti kituo cha polisi ama kwa DCI, 0800 722 203, simu ni bure. Na mtu akikupigia baadaye kusema yeye ni mpelelezi na atakurudishia pesa zako ukilipa ada kidogo, huyo ni yule yule amebadilisha kofia.

Kila Jumatano baada ya maombi ya mchana, dada wawili wa idara ya vijana watakaa kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Mzazi yeyote anaweza kuja na simu yake wamsaidie kuficha picha na namba yake kwa Facebook, ama kuangalia meseji anayoitilia shaka. Hawataandika jina la mtu, na hawataniambia mimi wala watoto wako. Pia mama katibu ana orodha ya wajane na wazee wanaoishi peke yao, na tunatafuta watu wa kuwapigia simu asubuhi, kila mtu mzee mmoja. Hadi naandika hivi wazee ni 31 na waliojitolea ni 12. Kuna mmoja aliyesema yeye hataki kupigiwa, anataka kupiga. Ni yule mwalimu. Amepewa mzee mmoja wa upande wa Kapkoros ambaye mguu wake nao unasumbua.